Maji ya Batri

Enzi zetu labo ya kemia ilikuwa na mlango unaofunguka. Naanza na hilo kwa sababu wiki iliyopita nilipita kwenye lisee, sekondari niliyosoma, nikachungulia dirishani, nikaona meza zetu za saruji zimerundikiwa viti vibovu hadi karibu na dari, na kufuli la mlango limeshika kutu. Watoto wanasoma kemia upande wa pili wa ua, kwenye fotokopi. Nilimuuliza mmoja wao mashapo ya kloridi yana rangi gani, akanijibu "meupe" kabla sijamaliza swali. Nikamuuliza kama amewahi kuyaona. Akacheka, akatoa simu, akanionyesha picha. Nilitoka pale damu inanichemka. Hasira yenyewe si ya mtoto yule wala ya simu yake. Ni ya zamani, ninayo tangu nikiwa na miaka kumi na saba, na leo nataka kuitoa mbele yenu nyinyi wa rika langu, mliokalia vigoda vile mkiwa na mashati meupe yaliyopigwa pasi ya makaa.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Buyenzi. Baba yangu alikuwa fundi wa batri za magari, na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba yetu, hatua kumi kutoka jiko la Mama. Asubuhi tuliamshwa na adhana, kisha nyundo za mafundi wa mtaa mzima, kisha harufu ya mandazi ikipigana na harufu ya risasi inayoyeyushwa. Tulikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi mpaka pua inafunguka, tukaenda shule kwa miguu, na mtu akikukuta barabarani wakati wa darasa anakurudisha mwenyewe, hata kama hajui jina lako. Watoto wa siku hizi ukimwambia mmoja "rudi darasani" anakuuliza wewe ni nani. Sisi hatukuuliza. Tulijua kwamba kabla ya jua kuzama habari itakuwa imefika nyumbani, na Mama hakuwa mtu wa kusikiliza upande wa pili.

Nguo zote za Baba zilikuwa na matundu. Si ya panya wala ya moto. Asidi ya batri ikidondoka kwenye pamba huoni kitu siku hiyo. Unavaa nguo yako, unatembea, unasalimiana na watu. Ukiifua, kitambaa kinaachia, na pale palipodondoka panabaki tundu la mviringo lenye kingo za kahawia. Mama alikuwa akitandaza kanzu zake kwenye kamba na kulalamika peke yake: "Huyu mwanaume nimeolewa naye ao nimeolewa na chujio?"

Sasa sikilizeni neno moja, maana kila kitu kimesimama juu yake. Kwa mafundi wa Buyenzi kuna kitu kinaitwa maji ya batri. Ni maji safi yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yasiyo na chumvi yoyote, ya kuongezea kwenye batri iliyokaukiwa. Na kuna kitu kingine, asidi iliyopunguzwa makali, ya kujazia batri mpya. Nayo inaitwa maji ya batri. Jina hilo hilo, rangi hiyo hiyo, na zote mbili Baba aliziweka kwenye chupa za plastiki zilizotupwa na wanywaji wa maji ya dukani. Hakuandika kitu juu ya chupa. Kabla ya kumimina popote alidondosha tone moja sakafuni, kwenye saruji, akainama na kusikiliza. Likitoa povu na kuchacha, ni asidi. Likikaa kimya, ni maji. "Jina iko moja, kazi iko mbili," alikuwa akituambia. "Kwanza unauliza chini." Nimemwona akifanya hivyo maelfu ya mara, nikiwa nimekaa mlangoni namenya vitunguu.

Rafiki yangu alikuwa Espérance, wa mtaa wa Musaga. Walikuwa wakristo wa kusali kila Jumapili bila kukosa, lakini mwezi wa Ramadhani alikuwa hakosi mkekani kwetu jua linapozama. Mama alimwita "mutoto wa kufuturu bila kufunga" na kumwekea tende mbili zaidi. Alikuwa mwembamba, mpole, na mkaidi kwa jambo moja tu: hakuweza kuandika kitu ambacho hakukiona. Mwalimu wa biolojia alituambia tuangalie kwenye hadubini na kuchora seli ya kitunguu. Sisi wote tulichora ile ya kitabuni, na nukta yake katikati. Espérance alichora duara tupu lenye ukingo mnene mweusi, kwa sababu ndicho alichokiona, kiputo cha hewa kilichonaswa chini ya kioo. Darasa lilicheka mpaka kengele. Yeye alisema tu, "Mimi niliona ivi."

Mwalimu wa kemia tulimwita Musiye Presipite, kwa jinsi alivyotamka neno la Kifaransa la mashapo, midomo mbele, kama anapuliza chai. Koti jeupe lisilo na doa. Ndani ya labo yake tulifundishwa kutambua chumvi isiyojulikana, na lazima niseme ukweli, nilipenda kuliko kitu kingine chochote shuleni. Unapewa unga kidogo kwenye tyubu ya kioo, mweupe kama chumvi ya jikoni, na unaambiwa: sema huyu ni nani. Unachovya waya kwenye unga, unauweka kwenye moto wa spiriti. Ukiwaka kijani kuna shaba, ukiwaka njano ya kukausha macho kuna sodiamu. Unaongeza soda kali ya labo tone kwa tone, mawingu yanazaliwa ndani ya maji, unaendelea kuongeza, na kama ni zinki mawingu yanapotea tena mbele ya macho yako. Mimi niliyekulia kati ya risasi na asidi niliona kwa mara ya kwanza kwamba vitu vya karakana ya Baba vina majina ya heshima.

Kwa upande wa pili wa chumvi, ule usio wa metali, Musiye alitupa utaratibu. Kwanza nitrati ya fedha: ikitoa mashapo meupe ni kloridi, simama hapo, andika. Isipotoa, jaribu kloridi ya bariamu: mashapo meupe ni sulfati, simama, andika. Isipotoa, ndipo utafute nitrati, kwa ile pete ya kahawia. Simama, andika. Alitufundisha kusimama, alitufundisha kuandika. Kupima maji tunayoyeyushia hakutufundisha hata siku moja.

Mtihani wa vitendo wa mwisho wa mwaka ulikuwa ndio kisu shingoni. Espérance alikuwa amerudia darasa mara moja, mwaka alioumwa malaria miezi miwili, na sheria ya lisee ilikuwa wazi: ukirudia mara moja, ukianguka tena unatoka. Masomo mengine alikuwa na alama zake za kutosha. Kemia alihitaji nusu, basi. Akiipata anabaki, asipoipata anarudi Musaga na hakuna shule nyingine itakayompokea.

Chumvi za mtihani zilikuwa na namba, na namba hazikubadilika mwaka hadi mwaka. Wakubwa wetu walikuwa wametuachia orodha nzima, tukaiimba uani kama wimbo wa kuruka kamba. Namba saba, nitrati ya zinki. Siku hiyo mimi nilipewa saba, na Espérance, meza moja na mimi, saba. Tuliyeyusha kwa maji ya bidoni kubwa, dumu la plastiki lililoandikwa kwa herufi nyekundu kwamba maji yake ni safi. Nikadondosha nitrati ya fedha. Ikawa nyeupe. Nikatazama tyubu ya Espérance, nayo nyeupe. Nikatazama meza za wengine. Zote nyeupe, labo nzima, kila namba. Watu walikunja uso kidogo, kisha wakainama na kuandika wimbo wa uani. Nami niliandika nitrati ya zinki, na kwa mwandiko mzuri. Espérance aliandika kloridi ya zinki.

Nilipata nane kwa kumi. Alipata sifuri.

Alienda mezani kwa Musiye na tyubu yake mkononi. Nilikuwa nyuma yake. Alikuwa amesuuza tyubu kwa maji ya bidoni matupu, bila chumvi yoyote, akadondoshea tone, na maji yenyewe yakawa meupe. Msichana wa miaka kumi na saba, hakuna aliyemfundisha. "Monsieur, ni maji," alimwambia kwa Kifaransa chake cha polepole. "Mulinzi wa labo anajaza bidoni kwa robine. Nimemuona." Ni nani asiyejua kwamba maji ya bomba yana kloridi? Musiye alijua. Nawaambia alijua, kwa sababu alipotuonyesha majaribio yake mbele ya darasa hakugusa lile bidoni hata mara moja. Alikuwa na chupa yake ndogo ya maji safi kabatini, na ufunguo wa kabati mfukoni mwa koti. Aliitazama tyubu, akamtazama Espérance, na badala ya kusema "pole, mwanangu" akasema: "Kama maji yetu hayakufai, lete ya kwenu. Ijumaa saa nane, utarudia mbele yangu."

Espérance alinishika mkono kwenye ngazi. "Zai, we unajua wapi napata maji safi ya kweli?"

"Kwetu," nikamwambia. Jinsi nilivyojisikia. Mtoto wa fundi, nina dawa ya kisomo. "Baba iko na maji ya batri. Ile haina chumvi hata kidogo."

Ijumaa nilitoka darasa la mwisho mbio. Baba alikuwa msikitini, karakana imerudishiwa mlango, Mama yuko kwenye pilau anapaza sauti nisiende bila kula. Chupa zilikuwa mbili juu ya rafu. Nilichukua iliyojaa. Saruji ilikuwa chini ya miguu yangu, na ilihitaji tone moja. Sikudondosha. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na majivuno, na kilichomo kilikuwa na jina ninalolijua. Nilikimbia nayo hadi lisee nikamkabidhi Espérance mlangoni pa labo, na Musiye akaniambia nikae kibarazani.

Niliona yote kupitia dirisha. Espérance alijaza tyubu, akaiweka juu ya meza na kwanza, kabla ya kugusa chumvi, akadondoshea nitrati ya fedha kwenye maji peke yake. Yalibaki maangavu. Aligeuka akanitazama, akatabasamu kwa meno yote. Maji safi. Maji yangu. Hakuwa na sababu ya kuyapima kwa bariamu, na mimi kibarazani nilikuwa natabasamu pia. Kisha akayeyusha chumvi, akaongeza soda, na nikamwona anahamisha tyubu kutoka mkono huu kwenda mkono ule, kwa sababu imepata moto. Aliendelea. Nitrati ya fedha, hakuna kitu. Kloridi ya bariamu, na tyubu nzima ikaganda kama maziwa. Alisimama, akaandika. Sulfati.

Ilikuwa nitrati. Musiye alicheka kwa sauti. "Juzi kloridi, leo sulfati. Kesho utaniletea dhahabu," akasema, akafunga kabati lake. Hakuuliza kwa nini tyubu imepata moto, kitu ambacho soda haifanyi kwenye maji matupu. Hakudondosha bariamu kwenye chupa yangu, jambo la sekunde tano kwa mtu mwenye diploma. Wiki iliyofuata jina la Espérance lilibandikwa ukutani miongoni mwa wanaotoka.

Jumatatu yake alikuja kwetu kuniaga. Alikuwa na sketi ya bluu ya shule, imefuliwa na kunyooshwa, ya kwenda kuirudisha pamoja na vitabu. Mapajani ilikuwa na matundu matano. Ya mviringo, kingo za kahawia. Mama aliyaona, akasema, "Kwani nawe unafanya kazi ya batri?" na wote wawili wakacheka. Niliingia karakana, nikachukua ile chupa aliyokuwa amenirudishia, nikadondosha tone sakafuni. Likachacha mpaka povu likawa kubwa kama sarafu.

Ningeweza kutoka pale pale na kusema. Ningeweza kumvuta Baba mpaka lisee, na Baba, aliyeishia darasa la sita, angemwambia Musiye mambo mawili kuhusu kuuliza chini kwanza. Sikutoka. Niliogopa Baba, niliogopa Musiye asije akauliza na mimi niliipataje nitrati yangu. Nilikaa nyuma ya batri mpaka niliposikia Espérance anaaga. Musiye namkasirikia kila siku, lakini Musiye alikuwa na chupa moja ya kuficha. Mimi nilikuwa na mbili, asidi ile na jibu nililoliimba uani.

Nilimaliza shule. Baba alipozeeka nilichukua duka, leo nauza batri na vipuri hapo hapo, na chupa zangu zote zina karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Espérance aliolewa, akajifunza kushona, ana mashine mbili Musaga. Tulibaki marafiki. Kila Idi alikuja na watoto wake, akala pilau, akasaidia kuosha sahani. Kila mara tulipotaja shule aliongea kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo wao. "Mi kemia haikunitaka," alisema, na mimi namwongezea chai.

Mwaka jana alikuja dukani na binti yake wa kwanza, Divine, na fomu ya kuchagua mkondo. Akaiweka juu ya kaunta kati ya plagi na mafuta ya breki.

"Zai, we nisaidie kumuambia huyu mutoto. Anataka sayansi. Mi nasema apana, aende lugha. Sisi kwetu hatuna kichwa ya kemia."

"Mama alipata zero mara mbili," Divine akanieleza taratibu, kana kwamba sijui.

Nilitazama fomu ile. Nikaona Musiye ameketi ndani ya nyumba ya Espérance miaka yote hii, anakula kwenye meza yake, na sasa anamfukuza mtoto pia, na aliyemfungulia mlango ni mimi. Nikamwambia akae. Akakaa juu ya kreti.

"Espe, ile maji nilikuletea siku ya kurudia haikuwa maji. Ilikuwa asidi. Nilibeba chupa mubaya."

"Asidi ya nini?"

"Ya batri. Ni asidi ya sulfuri."

Nje mtu alikuwa anawasha pikipiki isiyotaka kuwaka. Niliona midomo yake inatembea bila sauti, anapita utaratibu ule, nitrati ya fedha, bariamu, simama, andika.

"Kwa hiyo sulfati ilikuwa mule ndani," akasema.

"Ilikuwa."

"Na ile ya kwanza, kloridi?"

"Ilikuwa mu maji ya robine. We mwenyewe ulimuambia."

"Basi niliona vizuri." Alimgeukia Divine, si mimi. "Mara zote mbili niliona vizuri. Niliandika kitu chenye kilikuwa mule."

Kisha akaniuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia tangu sketi. Alitikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza tangu utoto nikamwona amekasirika kweli. "Chupa, kila mutu anaweza kukosea. Sikatai. Lakini uliniacha miaka yote niamini mi ni mujinga. Nilikuwa nakula pilau yako." Akachukua kalamu yangu juu ya kaunta, akaweka alama kwenye fomu, upande wa sayansi, kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. "Tuende," akamwambia mtoto. Hakuniaga.

Idi imepita. Hakuja. Nilimpelekea pilau kwa mkono wa jirani, na sahani ilirudi imeoshwa, bila salamu. Divine yuko mkondo wa sayansi. Namwona akipita na fotokopi zake kwapani, na siku moja aliniambia kwamba mama yake anamkataza kukariri rangi, anamwambia aandike "sijaona" pale ambapo hajaona, na kwamba walimu wanamwona kichaa. Nilicheka, kisha nikaingia ndani kulia.

Kwa hiyo wenzangu, mnapokaa na kusifu enzi zetu, nawasikia. Ni kweli mandazi yalikuwa makubwa, mashati yalikuwa meupe, na watoto wa leo wanatambua chumvi kwa kidole gumba juu ya kioo cha simu, wakiamini picha ya tyubu ambayo hawajui nani aliijaza. Nawacheka na nawahurumia. Lakini mtu akiniambia kwamba zamani elimu ilikuwa elimu, namwacha amalize chai yake. Halafu namwambia kwamba labo yetu ilikuwa wazi, chumvi zilikuwepo, moto uliwaka, na katika darasa zima kulikuwa na msichana mmoja aliyejua kemia, tukamfukuza.